Hata Maji Yalimpenda Yeye

Vijana wangu, mkinunua vinyunyizio vya kuhamisha, msianze kwa kutazama juu. Kila mtu hutazama juu. Maji yanaruka, jua linayapiga, upinde wa mvua unatokea, mwenye shamba anacheka peke yake. Nimezunguka na mabomba begani kutoka Lufingo mpaka Igogwe, na nimewaona watu wazima wenye ndevu wakipiga makofi kwa sababu ya upinde wa mvua. Ninyi tazameni chini. Chukueni makopo matupu yanayofanana, myapange kwa mistari katikati ya matuta, mfungulie maji, mkae kwa muda wa kuchemsha maharage. Kisha fungeni koki mkayaangalie makopo. Kopo halina upendeleo. Halijui shamba ni la nani.

Kufunga viungo nilifundishwa na Zuberi, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa na duka la mabomba pale Tukuyu mjini. Kusikiliza mlio pia ni yeye. Kinyunyizio kilichoshiba kinasema chwi-chwi-chwi bila kusita, ndiyo maana nyumbani hatukukiita springla kama dukani, tulikiita chwichwi. Lakini makopo hakunifundisha Zuberi. Makopo nilifundishwa na wivu, na sitaki mtu aniambie kwamba wivu haufundishi kitu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu, ambayo zamani ungeingia ukakuta chumvi na viberiti, yakaanza kujaa vitu vya kila rangi. Na huku maduka yakijaa, viwandani watu wakawa wanapunguzwa. Mume wangu, Baba Atupele, alipunguzwa kwenye kiwanda cha chai. Namshukuru kwa jambo moja: kiinua mgongo chake hakukinywa. Alikwenda kwa Zuberi akanunua mabomba ya plastiki, viungo vyake na chwichwi nne, akavileta Lufingo juu ya gari la ndizi. Kisha yeye mwenyewe akaingia kwenye biashara ya kupeleka ndizi Mbeya, mabomba akatuachia sisi wake zake wawili.

Msicheke. Najua wageni husema Rungwe mvua hainyamazi. Aliyelima viazi mviringo mwezi wa nane ndiye anayejua kwamba hunyamaza, na ikinyamaza udongo wetu mweusi unakuwa kama unga wa ugoro. Zamani tulimwagilia kwa keni, ile ndoo yenye mdomo wa matundu, unashuka kijitoni, unapanda, unashuka, mpaka magoti yanaanza kusemezana. Aliyekuwa na kabichi wakati huo ndiye aliyekuwa na soko, kwa sababu wengine hawakuwa nayo.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, kijito kikipita pembeni. Mimi, mke mkubwa, nililima sehemu ya juu. Sekela alilima bondeni. Sekela ndiye mke mwenzangu, aliyeingia nyumbani nikiwa tayari na watoto. Mdogo kwangu kwa umri, mrefu, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele ambao watu waliusifu nikiwepo, bila hata kuniangalia. Kanisani mume wetu alitengwa kwa sababu ya ndoa ile, na Sekela pia hakuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Mimi niliruhusiwa. Jumapili nilikuwa natembea kwenda mbele polepole sana.

Sasa lile bomba. Bomba moja ni refu kuliko chumba, na kwenye mteremko linataka watu wawili, mmoja kila ncha. Fikirini wake wenza wawili wasiosemezana wameunganishwa na bomba! Mimi nilikuwa nashika ncha ya juu siku zote, kwa haki ya ukubwa. Na hapa kuna somo, mlishike: bomba lililofungwa sasa hivi bado lina maji tumboni. Kabla ya kulibeba, liinamishe, mwenzako akae kando, maji yatoke yote. Usipofanya hivyo, ukiinua ncha ya juu, maji yote yanashuka kumwangukia aliye chini. Nililijua hilo siku ya kwanza. Sekela alilijua siku ya kwanza pia, lakini kwa njia nyingine.

"Dada, umenilowesha!"

"Mimi? Mimi niko huku juu. Hayo ni maji yamekufuata."

Na kweli yalikuwa yanamfuata, ndilo lililoniuma. Tulifungulia kwangu: chwichwi zikazunguka kwa uchovu, zikatema matone makubwa hatua chache tu, zikasimama, zikakumbuka, zikazunguka tena. Tukahamisha mabomba mpaka bondeni kwa Sekela, tukafungulia. Ee! Maji yalipaa juu ya migomba, yakapasuka yakawa meupe kama moshi, na upinde wa mvua ukasimama katikati ya kabichi zake kama umeajiriwa. Majirani waliokuwa wakipita njiani walisimama. Kwangu hawakuwa wamesimama.

"Hata maji yanampenda yeye," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

"Dada, maji ni maji," Sekela akajibu.

"Kwako ni maji. Kwangu yanakohoa."

Siku nyingine chwichwi zangu mbili zikakata kabisa. Sikuwa na shaka. Nilishuka bondeni na kanga yangu imefungwa kiunoni.

"Umeniwekea nini mdomoni mwa chwichwi?"

Alikuwa anapalilia, hakuinuka. "Ningekuwa na kitu cha kuweka mdomoni, dada, ningekuwekea wewe."

Majirani wakacheka mpaka wakashika majembe. Nikapanda tena kwangu, nikafungua mdomo wa chwichwi kwa kisu mwenyewe, nikavuta, ukatoka uzi mrefu wa kahawia. Uzi wa mgomba. Sisi wenyewe, mimi na yeye, tulikuwa tumeziba kijito kwa vigogo vya migomba tulipotengeneza banio, pale maji yanapochukuliwa, kwa sababu hapa kwetu kila kitu ni mgomba: kamba mgomba, kifuniko mgomba, mwavuli mgomba. Kigogo kinaoza, nyuzi zinaingia bombani, chwichwi inanyongwa. Banio jengeni kwa mawe, vijana. Na mdomo wa bomba uvisheni chujio, hata kipande cha chandarua kikuukuu, mkisugue kila mnapofungulia. Nimewaambia wakulima wengi hivyo, na bado huko Igogwe nilimkuta mwalimu mzima amezungushia banio lake migomba mibichi, vizuri, kama anapamba harusi.

Basi, Baba Atupele akarudi kutoka Mbeya akaangalia. Kabichi za Sekela zilikuwa na majani mapana. Viazi vyangu vilikuwa vimesimama vikundi vikundi, hapa kijani, pale njano. Akatembea kati ya matuta yangu, akapiga donge kwa kiatu, likatimka vumbi.

"Mama Atupele, tunahangaika bure," akasema. "Kila siku kubeba mabomba kupanda na kushuka, na huku juu tunanyeshea mawe. Nikirudi safari ijayo nitayafunga bondeni yakae huko huko."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na mahindi ya masika."

Mahindi ya masika! Kiangazi ndicho kilichomvalisha Atupele sare ya sekondari. Bila maji ningerudi kwenye keni, au ningekuwa nashuka bondeni na kikapu kumwomba Sekela kabichi ya mboga. Nilijaribu kuwaza ningemwambiaje. Nikaona afadhali nichemshe majani ya chai niyale.

Nikakaa na wivu wangu, nikaamua kuutuma kazi. Nitamwonyesha mume huyu, nikasema, kwamba amempa mwenzangu mvua yote akaniachia makohozi. Nikaomba kwa majirani makopo ya mafuta ya kupikia, yote ya ukubwa mmoja. Nikayapanga kwangu, nikapima. Kisha nikashuka nayo bondeni.

Sekela alisimama mikono kiunoni. "Unanipimia mvua?"

"Nakupimia."

"Pima. Lakini na yako nataka kuiona kwa macho yangu."

Tukapima zote, tukichunguliana kama watu wanaogawana nyama. Kwangu makopo yaliyokuwa mbali kidogo na chwichwi yalikuwa na maji, lakini ya karibu yalikuwa makavu, na yale ya kati ya chwichwi moja na nyingine pia. Maji yalianguka kwa duara, kama kata ya kubebea mzigo kichwani: pembeni panene, katikati tundu. Hilo nililitarajia. Lakini makopo ya Sekela! Chini ya upinde ule wote wa mvua, makopo yaliyo upande wa kijito yalikuwa yamelowa tu, na upande wa juu, mpakani kwangu, yamejaa nusu. Sekela akainama, akageuza kopo moja, likadondosha matone mawili.

"Maji yangu yako wapi?" akaniuliza, kama nimeyameza.

Niligeuka nikaanza kukusanya makopo. Nilikuwa na furaha kubwa moyoni, na sikutaka aione usoni.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Tukuyu kwa Zuberi, nikamwelezea makopo yote. Alisikiliza, akaacha hata kumhudumia mteja.

"Mama Atupele, nani amekutuma kupanga makopo?"

"Mke mwenzangu," nikasema, na haikuwa uongo.

Akachukua bomba fupi, akalisimamisha. "Maji nguvu yake ni kule yalikotoka kuanguka. Banio likiwa juu sana ya chwichwi, msukumo ni mkubwa. Likiwa juu kidogo, msukumo ni mdogo. Wewe uko karibu na banio, kwa hiyo maji hayajaanguka vya kutosha, hayapasuki, yanamwagika kama kata. Mwenzako yuko chini sana, yameanguka mno, yanapasuka yanakuwa ukungu. Na ule upepo wa mchana unaopanda kutoka upande wa Kyela unauchukua ukungu wake unaupeleka..." Akanitazama. "Unaupeleka wapi?"

"Mpakani kwangu," nikasema.

"Haya. Yeye apunguze koki mpaka upinde upotee, na amwagilie asubuhi upepo haujaamka. Wewe fungua chwichwi mbili badala ya nne, utapata nguvu kidogo. Lakini dawa yako ni banio lipande juu. Na hilo nililisema siku ile nilipokuja kwenu kuwaonyesha kufunga viungo. Nilisema tuweke pale kwenye maporomoko. Si ninyi wawili mliokataa? Mkasema kuna nyoka."

Ilikuwa kweli. Siku ile mimi na Sekela, ambao hatukuwahi kukubaliana hata kuhusu chumvi, tulikataa kwa pamoja, kwa sauti moja. Na nyoka hakuwepo. Aliyekuwepo ni baba mkwe.

Vijana wa leo mnapita mbele ya wakwe zenu na redio mkononi, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu mke alikuwa haonani na baba mkwe. Hapiti mbele ya nyumba yake, halitaji jina lake, akimwona kwa mbali anaingia migombani mpaka apite. Na nyumba ya baba mkwe ilikuwa ukingoni mwa kijito, kati ya banio letu na maporomoko. Njia ni moja tu, uani kwake. Zuberi, mgeni wa mila zetu, aliona mteremko. Sisi tuliona ua. Aibu ya kumweleza ndiyo iliyozaa nyoka.

Nilirudi nikipiga hesabu ya mabomba. Mapya hatukuwa na uwezo wa kununua. Lakini nikimwagilia kwangu, yale mabomba yanayoteremka kutoka kwangu mpaka bondeni yanalala bure. Yale yangetosha kupanda mpaka maporomoko. Kila zamu yangu yabebwe juu, kila zamu ya Sekela yarudi chini. Hicho ndicho kitu cha kuhamisha, vijana: mabomba hayana kwao. Ila bomba lina ncha mbili, na ncha ya pili ilikuwa ya Sekela. Ilibidi nimwombe. Ilikuwa tofauti gani na kabichi?

Nilimkuta mama mkwe amekuja kwa Sekela, anamenya ndizi za mbalaga, Sekela anamsaidia. Hata hilo liliniuma. Nikasalimia, nikakaa, nikaanza kueleza mambo ya msukumo. Nilieleza vizuri sana. Sekela akamenya ndizi nzima bila kuinua macho.

"Kwa hiyo nibebe mabomba mara mbili," akasema, "ili viazi vyako vinone."

"Na kabichi zako nitakufundisha koki."

"Wewe ufundishe mtu kitu bila kumlowesha?"

Mama mkwe akaweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye sauti ya kukwaruza. "Hasira ikinyamaza ndani ya nyumba inakuwa baridi, inaua hata ndama," akasema. "Chukueni maji kwenye kibuyu. Kila mmoja aseme lililo moyoni, kisha asukutue, ateme. Hicho chombo chenu huko shambani kinatema vizuri kuliko ninyi."

Hiyo ni desturi ya zamani kwetu, na mimi mkristo ninayeshiriki nilidhani nimeipita. Lakini mama mkwe alikuwa amenyoosha kibuyu.

"Nakuonea wivu meno yako," nikasema. "Na urefu. Na jinsi watu wanavyosimama shambani kwako." Nikatema.

Sekela akakaa na maji mdomoni mpaka nikadhani ameyameza. Akatema kwanza, ndipo akasema, amegeuza utaratibu. "Wewe uko karibu na banio. Kila ninapofungua koki nasema, nakunywa makombo ya mke mkubwa. Jumapili unakwenda mbele kanisani kama bibi harusi, mimi nabaki na watoto wachanga kwenye benchi la nyuma. Hata makopo umeyawaza wewe." Akainua macho. "Ningeyawaza mimi."

Sikujua kwamba mtu mwenye mwanya ule anaweza kunionea mimi wivu. Nilitaka kulisikia tena.

"Na baba?" nikamwuliza mama mkwe. "Tutapitaje?"

Akaokota kopo moja la mafuta na mwiko. "Nitapiga hili. Akisikia, ataingia ndani. Miaka yote hii amekuwa akilalamika kwamba jioni hana sababu ya kupumzika."

Ndivyo tulivyopanda, tumebeba bomba uani kwa baba mkwe, kanga tumejifunika mpaka kwenye paji la uso, mama mkwe anatangulia akigonga kopo, ko-ko-ko, na ndani ya nyumba tunasikia kikohozi cha mzee anayejitahidi sana asichungulie. Kwenye maporomoko tukajenga banio la mawe. Hakuna kigogo hata kimoja cha mgomba. Tukaliwekea chujio, tukafunga viungo mpaka chini, tukafungulia.

Kwanza bomba likapumua hewa. Kisha chwichwi ya kwanza ikatikisa kichwa, ikasema chwi. Ya pili ikajibu. Yakaruka maji shambani kwangu, si ukungu, si kata, matone madogo yenye uzito wake, yakaanguka mbali na karibu. Sikuangalia juu. Nilikaa tutani nikasikiliza makopo yakipokea, tik, tik, tik.

Baba Atupele aliporudi kutoka Mbeya alikuja moja kwa moja shambani na koleo mkononi, tayari kuchimbia mabomba bondeni. Akatukuta njiani, tumebeba. Nilimwonyesha makopo yangu, Sekela akamwonyesha yake, ya asubuhi ile, koki ikiwa nusu, bila upinde wowote. Alichovya kidole kwenye la huku, akachovya kwenye la kule. Akarudia. Akatafuta mahali pa kuweka lile koleo.

"Sasa," akasema, "mabomba yatakaa wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuelimisha. Sekela akanitangulia.

"Yatakaa mabegani," akasema.

Viazi vile viliiva. Atupele alimaliza shule. Zuberi akaanza kuniita kila alipouza mabomba, niende nikamfungie mteja na kumpimia kwa makopo, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka mgongo uliponikatalia. Watu huniuliza kama wivu ulikwisha siku ile ya kutema maji. Ungekwishaje? Kabichi za Sekela zilivunja mzani msimu uliofuata, nami sikulala vizuri. Bado nikipita bondeni kwake nachungulia makopo yake kwanza, ndipo nabisha hodi, naye najua huchungulia yangu. Ndiyo maana mashamba yetu yote mawili hayajawahi kukauka.

Ila kesho yake ya siku ile ya koleo nilibadilisha kitu kimoja. Tulipokwenda kuhamisha mabomba, nililiinamisha kwanza, maji yakatoka yote, kisha nikashuka nikashika ncha ya chini. Sekela akanitazama, hakuamini.

"Dada, unaumwa?"

"Beba," nikamwambia. "Kutoka huku chini nakuona vizuri unavyokanyaga viazi vyangu."